Mzima wa Siku ya Kwanza

Mtoto mwenye moyo mbovu kuliko wote wodini anaweza kuwa ndiye aliyelia kwa nguvu kuliko wote siku aliyozaliwa. Jambo hili huwashangaza hata wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwetu wakiwa wamesoma vizuri. Wanatarajia mtoto wa namna hiyo azaliwe hoi, wa bluu, anatweta. Wapo wanaozaliwa hivyo. Lakini wengi kati ya wale ambao moyo wao hauwezi kabisa kuwatosha duniani huzaliwa na uzito mzuri na ngozi nzuri, wakashika titi, wakakojoa, wakachunguzwa na kuandikiwa kwamba hawana tatizo. Na kwa saa hizo kweli hawana. Ni siku ya pili au ya tatu, mara nyingine wakiwa wameshafika nyumbani, ndipo mambo yanapoharibika, tena kwa kasi.

Watu wakizungumzia matibabu ya moyo wa mtoto mchanga huzungumzia upasuaji: bingwa, kisu, kifua kilichofunguliwa. Sina neno na wapasuaji, na hapa chini nitawasifu mpaka mtachoka. Ila baada ya muda mrefu katika wodi ya watoto wachanga, naona kwamba sehemu kubwa ya matibabu hayo iko katika saa zinazotangulia, na iko mikononi mwa watu wasiovaa miwani ya kukuzia: mkunga, muuguzi wa zamu, daktari kijana aliyeamshwa saa tisa za usiku, na mama mwenyewe.

Tuanzie tumboni, maana huko ndiko siri iliko. Mapafu ya mtoto aliye tumboni yamejaa maji na hayana kazi ya kuvuta hewa. Oksijeni yake inatoka kwa mama, kupitia kondo la nyuma na kitovu. Kwa kuwa hakuna sababu ya kupeleka damu nyingi mapafuni, mwili umejiwekea njia mbili za mkato. Moja ni tundu kati ya chemba mbili za juu za moyo. Ya pili ni mshipa mfupi unaounganisha ateri ya mapafu na aota, yaani mshipa mkuu unaosambaza damu mwilini. Madaktari huuita daktasi, nasi tumezoea hivyohivyo.

Kwa hiyo kijusi kinaweza kukosa upande mzima wa moyo, au mishipa yake mikuu ikawa imechomoza mahali pasipo pake, na bado kikakua vizuri mpaka miezi tisa. Damu ina pa kupitia, na kazi ya mapafu inafanywa na mama. Mtoto akizaliwa na kuvuta pumzi za kwanza, oksijeni ndani ya damu yake hupanda. Papo hapo kondo, lililokuwa likitoa prostaglandini, kemikali inayouweka mshipa ule wazi, limeshaachana naye. Daktasi huanza kujikaza. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, kwa kawaida huwa umefunga ndani ya siku mbili tatu. Ndivyo inavyotakiwa iwe, isipokuwa kwa mtoto ambaye alikuwa anaishi kwa mshipa huo.

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa hai, karibu mmoja ana kasoro fulani ya moyo. Watu wakisikia hivyo hufikiria tundu, na kweli matundu ndiyo mengi, na madogo kati yake hujiziba yenyewe bila mtu kufanya lolote. Takriban robo ya watoto hao ndio wenye kasoro kali, zinazohitaji upasuaji au katheta (mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa mpaka moyoni) ndani ya mwaka wa kwanza. Ndani ya robo hiyo wamo wale ninaowazungumzia, ambao hawana mwaka wala mwezi. Wana siku.

Huanguka kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni ya bluu. Huyu ni mtoto ambaye damu yake haifiki mapafuni isipokuwa kwa kupitia daktasi, mathalani yule ambaye vali ya ateri ya mapafu imeziba kabisa tangu alipoumbwa. Mshipa ukifunga, oksijeni inashuka na ulimi unageuka zambarau. Anaogopesha, na kwa kuwa anaogopesha, watu hukimbia.

Sura ya pili ndiyo inayoninyima raha. Huyu ni mtoto ambaye upande wa kushoto wa moyo haukukua, au aota yake imebanwa vibaya, hata damu ya mwili wote au ya nusu ya chini ikawa inategemea daktasi. Mshipa ukifunga, hageuki bluu. Anapauka. Anakuwa wa kijivu, mikono na miguu imepoa, anapumua harakaharaka, anaacha kunyonya, nepi inabaki kavu. Yeyote atakayemwona atasema ni maambukizi kwenye damu. Na mara nyingi atakuwa amesema kweli, kwa sababu maambukizi ni mengi kuliko mioyo ya aina hiyo.

Sina ugomvi na antibiotiki. Mtoto wa kijivu apewe, tena mapema. Ugomvi wangu ni na akili inayotulia ikishapata jibu moja. Kabla ya kufunga faili, weka vidole viwili kwenye kinena cha mtoto, utafute mapigo ya mshipa, kisha uyalinganishe na ya mkono wa kulia. Mkono unadunda na kinena kiko kimya? Hiyo si kazi ya antibiotiki peke yake. Gusa ini uone kama limeshuka na kuvimba. Pima presha mkononi na mguuni. Nimeona madaktari wenye vyeti vingi wakiruka hatua hii, na nimemwona mkunga asiye na makuu akiifanya kwa kila mtoto bila kuambiwa na mtu, huku anapiga soga na mama.

Macho nayo yanadanganya. Jicho la mwanadamu, hata la mzoefu, huanza kuiona bluu pale oksijeni inapokuwa imeshuka hadi karibu asilimia 80. Kati ya hapo na 95, ambako ndiko watoto wengi wa aina hii huwa katika siku ya kwanza, tunaona mtoto mzuri tu. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi ni lazima utazame ulimi na ufizi, usihangaike na kucha wala midomo kwa nje, na hata hivyo unaweza kupitwa. Mtoto mwenye upungufu wa damu ndiye anayekupita kabisa, kwa sababu bluu inatokana na wingi wa chembe zilizokosa oksijeni, na yeye hana chembe za kutosha kuionyesha.

Ndiyo maana kile kifaa kidogo chenye taa nyekundu kinachopima oksijeni ya damu, oksimita, nakiona ni miongoni mwa vitu vyenye maana kubwa vilivyoingia wodini kwetu. Utaratibu wake hauna ugumu. Mtoto akishatimiza saa 24, au kabla tu ya kuruhusiwa, anapimwa mkono wa kulia na mguu mmoja. Mkono wa kulia kwa sababu damu yake inatoka kwenye aota kabla ya mahali daktasi unapoingilia, mguu kwa sababu damu yake inatoka baada ya hapo. Vyote viwili vikisoma 95 au zaidi, na tofauti isizidi 3, amepita. Ikisomeka chini ya 90 popote, usirudie kupima kwa matumaini, mwite daktari. Katikati ya hapo, subiri saa moja upime tena.

Mwaka 2009 watafiti wa magharibi mwa Sweden walichapisha matokeo ya kupima karibu watoto 40,000 kwa njia hii, wakaonyesha kwamba kipimo kikiongezwa juu ya uchunguzi wa daktari, kinawanasa wengi waliokuwa wakiruhusiwa kwenda nyumbani na bomu kifuani. Miaka miwili baadaye Marekani ikakiweka kwenye orodha ya vipimo vinavyopendekezwa kwa kila mtoto mchanga. Kipimo hiki hakioni yote. Aota iliyobanwa hukipita mara nyingi, ndiyo sababu nilianza na vidole viwili. Na vifaa hivi vina tabia ya kusoma juu kidogo kwa watu wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo mimi namba iliyo mpakani siipokei kwa furaha. Huwa nabadilisha mguu, napasha joto kidole, napima upya.

Sasa, mtoto ameonekana. Kinachofuata kwangu bado ni mojawapo ya mambo ya ajabu katika tiba yote, ingawa nimekiona mara nyingi. Unamrudishia kile alichokuwa akipewa na kondo. Tangu katikati ya miaka ya 1970 imejulikana kwamba prostaglandini E1, ikidondoshwa polepole kwenye mshipa, huufanya daktasi ubaki wazi, au ufunguke tena kama umeanza kufunga. Kwa maana nyingine, unamchelewesha mtoto kumaliza kuzaliwa. Anabaki na damu inayopita njia za tumboni, huku yeye yuko kitandani mwako. Kabla ya dawa hii wapasuaji waliletewa watoto walio katikati ya kufa na kulazimika kufungua kifua usiku uleule. Baada yake walipata kitu ambacho hakuna kisu kinachoweza kukitengeneza: muda wa kumtuliza mtoto, kufanya kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), kumsafirisha, kupanga.

Mtoto wa kijivu akianzishiwa dripu hiyo mapema, unaweza kumwona akirudi. Miguu inapata joto. Mkojo unakuja (wenzangu wa zamu ya usiku wanajua tunavyoweza kushangilia nepi iliyolowa). Lakini dawa yenyewe ina makucha. Inaweza kumfanya mtoto aache kupumua, hasa aliye mdogo kwa uzito, kwa hiyo huianzishi kisha ukaenda kunywa chai. Inaleta homa, inateremsha presha. Na dawa hii huisha mwilini ndani ya dakika chache tu, maana yake mrija ukichomoka au pampu ikiisha chaji ndani ya gari la wagonjwa, umerudi ulikokuwa. Tukisafirisha mtoto wa namna hii tunaweka njia mbili za dripu, si moja. Na ipo kasoro moja ambayo dawa hii haiiokoi, ile ya mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni kuelekea pasipo pake na kuzibwa njiani. Huyo ndiye anayehitaji mpasuaji leo, siyo kesho.

Kuna jambo la oksijeni ambalo ni gumu kumweleza mzazi, na wakati mwingine hata mwenzako kazini. Silika ya kila mtu ni kuongeza. Mtoto anahema, ongeza oksijeni. Kwa baadhi ya watoto hawa oksijeni nyingi ni hatari. Inasaidia kuukaza daktasi, na inailegeza mishipa ya mapafu, damu ikakimbilia huko na kuuacha mwili na ubongo na figo bila kitu. Kwa mtoto ambaye moyo wake wa kushoto haukukua, tunafurahia kuona asilimia 75 hadi 85. Hebu fikiria wewe ni mzazi, umekaa kando ya mashine, umeshasikia kwamba kawaida ni 95 na kuendelea, unaona 79, na nesi anakwambia, "Hapo ndipo tunapotaka, mama." Nimetazamwa kama mchawi kwa maneno hayo. Siku hizi nawaeleza mapema, kabla hawajaanza kuzisoma namba wenyewe.

Aliyeliona hili la mshipa kwa akili ya utafiti alikuwa daktari wa watoto wa Baltimore, Helen Taussig, miaka ya 1930 na 1940. Masikio yake yalikuwa yamepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kusikia, kwa hiyo alijifunza kuusoma moyo wa mtoto kwa vidole. Aligundua kwamba watoto wake wa bluu walikuwa nafuu maadamu daktasi wao uko wazi, na hali zao zikawa mbaya ulipofunga. Wakati huo huko Boston mpasuaji Robert Gross alikuwa ameshapata umaarufu kwa kuufunga mshipa huohuo kwa watoto ambao kwao ulikataa kujifunga, kuanzia mwaka 1938. Taussig akamwendea: kama unaweza kuufunga, huwezi kuutengeneza? Gross hakuvutiwa.

Alfred Blalock, mpasuaji wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alivutiwa. Na kazi yenyewe ya kubuni namna ya kuunganisha ateri ya mkono na ateri ya mapafu ilifanywa kwa sehemu kubwa, kwa mbwa wa maabara, na Vivien Thomas, kijana Mweusi aliyewahi kuwa fundi seremala. Alitaka kuwa daktari, lakini anguko la uchumi lilimmezea akiba yake ya masomo. Mnamo Novemba 29, 1944 Blalock alimpasua mtoto wa kike wa miezi 15, na Thomas alisimama kwenye kigoda nyuma yake, akimwongoza mshono kwa mshono. Mtoto yule aliishi miezi michache. Waliofuata waliishi zaidi, na wengine waligeuka kutoka bluu hadi waridi palepale mezani. Makala yao ya 1945 ilikuwa na majina mawili, Blalock na Taussig, na upasuaji ukaitwa kwa majina hayo. Thomas alipewa udaktari wa heshima mwaka 1976. Siku hizi wengi wetu tunalitaja na jina lake, na mimi mwanafunzi akilisahau huwa namrudisha.

Ukitazama vizuri, walichokifanya ni kutengeneza daktasi wa bandia. Mrija wa namna hiyo, siku hizi wa plastiki maalumu, bado unawekwa, au daktasi wenyewe unawekewa stenti (kimrija cha kuutanua) kwa katheta na kubaki wazi kwa miezi.

Kasoro inayonifurahisha kuieleza, kama mtu anaweza kusema hivyo, ni ile ya mishipa mikuu iliyobadilishana nafasi. Aota inatoka kulia, ateri ya mapafu inatoka kushoto. Damu yenye oksijeni inarudi mapafuni, na isiyo nayo inarudi mwilini, kama barabara mbili za mzunguko zisizo na njia panda. Mtoto anaishi kwa sababu damu mbili zinachanganyika mahali fulani, kwenye daktasi na kwenye lile tundu la chemba za juu. Mwaka 1966 William Rashkind wa Philadelphia alionyesha kwamba unaweza kupitisha katheta yenye puto ndogo kwenye mshipa wa mtoto, uifikishe chemba ya kushoto kupitia tundu lile, uijaze, kisha uivute kwa ghafla. Tundu linachanika na kupanuka. Inafanyika hata kitandani, kwa kuongozwa na picha ya eko. Mvuto wenyewe hauchukui sekunde, na namba kwenye oksimita zinapanda wakati bado umeshika pumzi.

Hapo umepata siku. Kisha upasuaji wenyewe: kuikata mishipa yote miwili na kuibadilisha. Ilisubiriwa miaka mingi kwa sababu ya vimishipa vya kuulisha moyo wenyewe damu, ambavyo vinatoka kwenye shina la aota na lazima vihamishwe pamoja nayo. Kwa mchanga vina unene wa milimita moja au moja na nusu, kwenye moyo wenye uzito wa gramu 20 hivi. Uzi wa kushonea ni mwembamba kuliko unywele. Vikipinda kidogo tu, moyo haurudi kudunda. Adib Jatene wa São Paulo, Brazili, ndiye aliyefaulu wa kwanza, mwaka 1975. Katika vituo vyenye uzoefu sasa zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wanapona. Lakini inatakiwa ifanyike katika wiki chache za mwanzo, maana chemba ya kushoto ikizoea kazi nyepesi ya kusukuma damu mapafuni inapoteza misuli, na haitaweza tena kubeba mwili mzima. Ukirudi kwenye yule mtoto aliyeruhusiwa bila kupimwa, utaona kwa nini nawaghasi wanafunzi na kile kipimo cha mguuni.

Moyo wa kushoto usiokua ni hadithi nyingine, na hapa sitajifanya nina matumaini kuliko niliyonayo. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa hukumu ya kifo. William Norwood, huko Boston, ndiye aliyeonyesha njia: katika wiki ya kwanza, chemba ya kulia inafanywa iwe pampu ya mwili, na aota mpya inajengwa kutokana na ateri ya mapafu. Miezi minne hadi sita baadaye upasuaji wa pili. Kati ya miaka miwili na minne, wa tatu, unaotokana na wazo la Francis Fontan wa Bordeaux, Ufaransa, la mwaka 1968: damu chafu ielekezwe mapafuni moja kwa moja, bila kusukumwa na moyo. Ajabu ni kwamba inaenda.

Mwishoni moyo hauwi mzima. Unakuwa na chemba moja inayofanya kazi ya mbili, kwa miaka yote. Njiani kuna watoto wanaopotea, na kipindi kigumu zaidi ni kati ya upasuaji wa kwanza na wa pili, wakati mtoto yuko nyumbani. Ndiyo maana vituo vingi huwapa wazazi mizani na oksimita, wapime kila siku na kuandika. Mtoto asiyeongezeka gramu, au anayeharisha kidogo tu, ni sababu ya kupiga simu. Mama mmoja aliniambia amekuwa nesi kuliko mimi, na sikubishana naye.

Na wapo wazazi ambao, wakishaelezwa haya yote, huchagua kutopasua. Mtoto anatunzwa asiumie, anabebwa, anakaa na watu wake mpaka mwisho. Katika kasoro hii uamuzi huo umekuwa ukiheshimiwa sehemu nyingi, ingawa kadiri matokeo ya upasuaji yanavyokuwa mazuri ndivyo madaktari wanavyozidi kubishana. Nimesikia watu wakiwasema wazazi hao kwa ukali, na nimesikia wengine wakiwasema kwa ukali uleule wale waliochagua upasuaji, eti wanamtesa mtoto. Wote hao wanaosema hulala usingizi mzuri usiku. Ninachodai ni kwamba wazazi waelezwe kweli yote, na mtu mmoja, kwa utulivu, zaidi ya mara moja, kwa sababu siku ile ya kwanza hawasikii chochote baada ya neno "moyo".

Sehemu kubwa ya dunia haina mpasuaji wa moyo wa mchanga karibu, na prostaglandini inahitaji friji na fedha. Basi kuna wanaouliza: kumpima mtoto oksijeni kuna faida gani kama huna pa kumpeleka? Ni swali halali na silidharau. Jibu langu ni kwamba oksijeni ndogo haimaanishi moyo tu. Kipimo kilekile kinamnasa mtoto mwenye nimonia, mwenye maambukizi, mwenye mapafu yaliyokataa kufunguka, na hao tunaweza kuwatibu palepale. Tena si kila moyo mkali unahitaji upasuaji wiki hiyo. Mtoto mwenye tetralojia ya Fallot, yaani kasoro nne za moyo zinazokuja pamoja, kwa mfano, mara nyingi anaweza kungoja miezi, mradi ijulikane anacho nini na mama afundishwe kumkunja magoti kuelekea kifuani akipatwa na mashambulizi ya bluu. Asiyejulikana hangojewi na mtu.

Swali ambalo karibu kila mama huuliza, mara nyingi usiku, mara nyingi kwa sauti ya chini wengine wasisikie: "Sista, nilikula nini? Nilifanya nini?" Mara nyingi jibu ni hakuna. Moyo huwa umeshaumbika karibu wote ifikapo wiki ya nane ya ujauzito, wakati wengine hawajajua hata kama ni wajawazito. Zipo sababu zinazojulikana: kisukari cha mama kisichodhibitiwa, rubela mwanzoni mwa mimba, pombe, baadhi ya dawa, na mabadiliko ya kromosomu, maana karibu nusu ya watoto wenye dalili za Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Zikijumlishwa zote, bado kasoro nyingi hazina maelezo. Baba nao wana maswali yao, ila wao huuliza kuhusu gari la wagonjwa, fomu na damu ya kuongezea, na nimejifunza kuyajibu kama vile ni lile swali la kwanza.

Kwa mimba inayofuata, uwezekano wa kasoro kurudi huwa mdogo lakini ni mkubwa kuliko kwa watu wengine, kwa kawaida asilimia mbili hadi tatu, na eko ya moyo wa kijusi kati ya wiki ya 18 na ya 22 ni ya kuombwa, isingojwe kupendekezwa. Mtoto anayejulikana kabla hajazaliwa anazaliwa mahali ambapo dripu yake imeshaandaliwa.

Jambo la mwisho ni la karatasi, na linanikera kwa sababu ni dogo na ni la kawaida. Katika nchi zenye huduma nzuri, watu wazima wenye kasoro za moyo za kuzaliwa sasa ni wengi kuliko watoto wenye kasoro hizo. Wanakuja kliniki wakiwa na miaka 20 na kitu, kovu katikati ya kifua, na ukiwauliza walifanyiwa nini wanasema, "Nilipasuliwa moyo nikiwa mdogo." Hawajui zaidi. Wengine waliacha kuja kliniki wakiwa shuleni kwa sababu walijisikia vizuri. Aliyefanyiwa upasuaji wa Fontan anahitaji ini lake liangaliwe maisha yake yote. Aliyebadilishiwa mishipa anahitaji vile vimishipa vya moyo viangaliwe. Binti anayetaka kubeba mimba anahitaji kumwona daktari wa moyo kabla, asingoje ishike.

Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa, pamoja na dawa na tarehe ya kurudi, huwa nampa mzazi daftari na kumtaka aandike kwa mkono wake mwenyewe, mbele yangu: jina la kasoro, jina la kila upasuaji na tarehe yake, kitu gani cha bandia kimeachwa ndani, kiwango gani cha oksijeni ndicho cha kawaida kwa mtoto huyu, na namba ya simu ya wodi. Chini kabisa namwandikisha kwamba kabla ya kung'olewa jino lolote, daktari wa meno aambiwe habari za moyo huu, kwa sababu bakteria wa kinywani wanaweza kuingia kwenye damu na kukaa juu ya vali au kiraka, na huenda mtoto akahitaji dozi ya antibiotiki kabla ya kukaa kwenye kiti. Wazazi hucheka kidogo wanapofika kwenye mstari huo, kwa kuwa mtoto aliye mapajani mwao hana jino hata moja.